Maisha ya Daktari Adriano Atiman: Mtoto Aliyeuzwa Akawa Mponyaji wa Wengi



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho katibu na mweka hazina wamezieleza katika kurasa nyingine, na wamezieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mimi mwenyekiti wenu nimeombwa niandike jambo la kutujenga. Nimesoma darasa la saba tu, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nimeona niwasimulie maisha ya mtu mmoja ambaye wengi mmepata kusikia jina lake, hasa ninyi mlio na ndugu Sumbawanga na Mpanda. Ni Daktari Adriano Atiman wa Karema.

Nimemchagua huyu kwa sababu katika mkutano mkuu ujao tuna jambo la kuamua ambalo limetugawa. Jambo lenyewe nitalitaja mwishoni. Kwanza tumsikie mzee huyu.

KUZALIWA NA KUUZWA

Atiman hakuzaliwa nchini kwetu. Alizaliwa yapata mwaka 1866 mahali paitwapo Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo tunaiita Mali. Huko ni mbali sana, ni upande wa pili kabisa wa Afrika. Alikuwa na baba na mama kama mtoto mwingine yeyote, na kwa kuwa walikaa kando ya mto, nadhani aliyajua maji na samaki kama watoto wetu wa hapa bwawani wanavyoyajua.

Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa. Watu wa jangwani waitwao Watuareg walimchukua, wakamtoa kwao, akauzwa. Jamani, tusipite hapa haraka. Kila mama anayesoma ukurasa huu ajiulize: mwanao ametoka nje, jioni imefika, hakurudi. Unazunguka nyumba kwa nyumba, unaita mpaka sauti inakauka. Kesho hivyo hivyo, na keshokutwa. Humpati akiwa hai, wala humpati akiwa amekufa ili umzike. Mama yake Atiman alibaki na kidonda hicho.

Mtoto alivushwa jangwa la Sahara. Katika njia zile za jangwani watumwa wengi walikufa kwa kiu, wengine waliachwa mchangani wakiwa hawawezi tena kutembea. Kwa mwenye msafara mtumwa alikuwa mali kama chumvi na ngozi, tofauti yake ni kwamba chumvi haihitaji kunyweshwa. Atiman alifika hai mpaka Aljeria, kaskazini kabisa ya Afrika, naye hana ndugu hata mmoja na haijui lugha ya watu wa pale.

KUKOMBOLEWA

Wakati ule kulikuwa na mapadre waliokuwa wakifanya kazi huko Aljeria. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Lavigerie, yule ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Sisi tumezoea kuwaita White Fathers, kwa ajili ya kanzu zao nyeupe. Hao walikuwa wakitoa fedha kuwakomboa watoto watumwa, na Atiman akawa mmoja wa waliokombolewa.

Hapa nataka sisi watu wa kuweka na kukopa tufikirie vizuri. Yule mtoto alikuwa na dhamana gani? Hakuwa na shamba, hakuwa na mbuzi, hakuwa na mjomba wa kumsimamia. Hakuna aliyejua kama ataishi hata mwaka mmoja, maana alikuwa ametoka katika mateso. Hata hivyo fedha zilitolewa. Aliyezitoa hakuwa na njia ya kujua kwamba siku moja fedha hizo zitarudi, tena zitarudi kwa watu wengine kabisa, huku Tanganyika.

Alipelekwa shule pamoja na watoto wengine waliokombolewa. Akafundishwa kusoma na kuandika, akafundishwa dini, akabatizwa kwa jina la Adriano. Nadhani fundisho gumu kuliko yote lilikuwa hili la kuambiwa kwamba Mungu anampenda. Mtu uliyepimwa sokoni meno na misuli, ukashindaniwa bei, utaaminije kirahisi hivyo kwamba yuko anayekupenda bure? Maneno peke yake hayawezi kuliingiza hilo moyoni. Linaingia polepole kwa kupewa chakula, kufungwa kidonda, na kuitwa kwa jina lako.

KUSOMEA UDAKTARI MALTA

Mwaka 1878 White Fathers wa kwanza walitoka Bagamoyo kuja bara, wengine wakielekea ziwa Tanganyika na wengine ziwa Nyanza. Safari ile ilikuwa ya taabu. Padre Pascal, aliyekuwa mkubwa wa wale wa Tanganyika, alifariki njiani kabla ya kufika Tabora. Wengine wengi waliowafuata waliuawa na homa.

Lavigerie akaona kwamba madaktari wanahitajika, na kwamba waliofaa zaidi ni Waafrika wenyewe. Akachagua vijana miongoni mwa wale waliokombolewa, mwaka 1881 wakapelekwa kisiwa cha Malta, katika bahari iliyo kati ya Afrika na Ulaya, wasome udaktari katika chuo kikuu cha huko. Nia yake ilikuwa wawe madaktari na makatekista kwa pamoja, waje waoe na kuishi katikati ya watu.

Adriano alikaa Malta mpaka mwaka 1888. Hebu fikirini, ni miaka ileile Wazungu walipokuwa wakiigawana Afrika, na wengi wao wakisema kwamba mtu mweusi hana akili ya kusoma mambo makubwa. Wakati wanasema hayo, kijana aliyekuwa mtumwa alikuwa amekaa chuo kikuu akijifunza viungo vya mwili wa binadamu, dawa, na namna ya kupasua.

Alipomaliza angeweza kutamani kubaki mijini. Alikuwa na elimu ambayo Waafrika wachache sana wa siku zile walikuwa nayo. Lakini alikubali kuja mahali ambapo hajawahi kupaona, kwa watu ambao si kabila lake, na ambao walikuwa wakiuzwa kama yeye alivyouzwa.

NJIA ILIYOPITA KWETU

Mwaka 1888 alisafiri na wamisionari kuja Zanzibar, na kutoka pwani wakaingia bara kwa miguu. Reli ya kati haikuwapo, ilifika Kigoma mwaka 1914. Misafara ya Tabora ilipita katika nchi yetu ya Ugogo. Ilipanda Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, ikaingia kwa watemi wa Kigogo ambao walitoza hongo ya vitambaa na shanga, maana maji na chakula cha nchi hii ya ukame vilikuwa vyao.

Wazee wetu waliyaona mengi katika njia ile. Waliona pembe za ndovu zikiteremka pwani, na waliona watu wamefungwa minyororo shingoni, wanawake kwa watoto. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikufa siku ile. Iliendelea kwa siri na kwa dhahiri kwa miaka mingi, na hapa Tanganyika utumwa ulikomeshwa kabisa kisheria mwaka 1922. Kwa hiyo huyu kijana daktari alikuwa anatembea kuelekea kulekule ambako watumwa walikuwa wakitolewa. Wenzake walikuwa wanateremshwa, yeye anapanda. Sijui alijisikiaje moyoni, lakini najua kwamba hakugeuka akarudi.

KAREMA

Alifika Karema, pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Leo Karema iko katika mkoa wa Katavi. Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia White Fathers. Pale misioni walikuwa wakikimbilia watu wa kila namna: waliotoroka utumwa, yatima wa vita, wanawake wasio na kwao. Kwa Atiman hao hawakuwa wageni. Historia yao na yake ilikuwa moja.

Akina mama, mnajua shida ya zahanati isiyo na dawa. Sasa fikirini Karema ya mwaka 1889. Mashine ya kupiga picha mifupa ilikuwa haijavumbuliwa, ilikuja mwaka 1895. Penisilini ilikuja kutumika miaka ya 1940. Daktari alikuwa na kwinini kwa ajili ya homa, kisu, sindano na uzi, maji yaliyochemshwa, na mikono yake. Dawa ikiisha, nyingine ilitegemea msafara wa miezi kutoka pwani.

Na wagonjwa walikuja. Wenye homa, wenye vidonda vinavyonuka ambavyo hata ndugu wanavikimbia, walioumizwa na wanyama, akina mama waliokwama katika uzazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia kando ya ziwa na kuua watu wengi, mpaka serikali ya Wajerumani ikawaondoa watu katika baadhi ya maeneo ya ufukweni. Watu waliukimbia ugonjwa ule kama moto. Daktari Atiman alibaki Karema.

Mchana alikuwa daktari, na tena alikuwa katekista, mwalimu wa dini. Kwake zile zilikuwa kazi moja. Tukisoma Injili tunamwona Yesu anamgusa mwenye ukoma ambaye sheria ilikataza kumgusa, na yule mama aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga, anaponywa na kuitwa binti mbele ya watu waliokuwa wanamwona najisi. Atiman alifundisha habari hizo kwa watu ambao asubuhi yake alikuwa amewaosha vidonda. Nafikiri ndiyo maana walimwelewa.

NDOA NA JAMAA

Alimwoa Agnesi, binti wa jamaa ya kitemi ya Wabende. Hili nalo tuliangalie sisi wanawake. Binti wa kitemi kuolewa na mgeni asiye na ukoo, tena aliyewahi kuwa mtumwa! Tunajua watu wetu wanavyosema katika mambo ya posa. Wanauliza ni wa mlango gani, babu yake ni nani, mahari italetwa na wajomba gani. Atiman hakuwa na jibu la hata swali moja katika hayo. Agnesi alikubali kuishi naye, na kwa njia hiyo mtu aliyenyang'anywa ukoo akiwa mtoto akapata nyumba, akapata wakwe, akawa na kwao.

Mtoto wao Yosefu alikuwa padre. Tunamkumbuka Yosefu wa katika Biblia, aliyeuzwa na ndugu zake akapelekwa Misri, na mwisho akawaokoa watu na njaa. Kila nikiusoma mlango ule wa Mwanzo namkumbuka mzee wa Karema.

UZEE NA KUFARIKI

Alifanya kazi Karema kwa miaka 67. Alipofika, Wajerumani walikuwa hawajaishika nchi ya huko ziwani. Aliwaona wakija, aliwaona wakiondolewa katika vita vya 1914 hadi 1918, akawaona Waingereza wakitawala. Serikali zilibadilika, yeye akaendelea kufunga vidonda. Wakubwa walimpa nishani kwa utumishi wake. Alisimulia mwenyewe habari za maisha yake, na mwaka 1946 zikachapishwa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Uhuru ulikuja miaka mitano baadaye, hakuuona. Lakini jina lake halikupotea. Pale Sumbawanga iko hospitali inayoitwa kwa jina lake, Hospitali ya Daktari Atiman, na mpaka leo akina mama wanajifungulia humo. Mtoto aliyeibwa kwa mama yake huko Niger, jina lake limeandikwa mlangoni ambapo mama wa Kifipa anaingia na uchungu na kutoka na mtoto mkononi. Mimi nikilifikiria hilo nasema kweli Mungu hasahau mtu.

SISI WA MTERA TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa nirudi kwenye jambo letu. Kanuni yetu inasema kwamba anayetaka kujiunga awe na wadhamini watatu, wote wanachama. Kanuni hii imetulinda. Miaka kumi sanduku letu halijapotea, na wafanyabiashara wa samaki, mama lishe na wakulima wa mtama wote wamepata mgao wao. Sisemi tuifute.

Lakini hapa kwetu wapo wanawake ambao hawatapata wadhamini watatu hata wangeishi miaka mia. Wapo wajane walioitwa wachawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na sisi wote tunajua macho ya bibi aliyepika kwa kuni miaka 50 yatakuwa na rangi gani. Wapo waliopona ukoma lakini vidole vimebaki na alama, na watu hawataki kupokea chenji mikononi mwao. Wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanaotumia dawa na wana nguvu za kazi kuliko hata mimi, lakini majirani wanawahesabia siku. Mmoja wao huteka maji bwawani peke yake, baada ya wenzake kuondoka. Sitamtaja, na ninaomba mtu asianze kubahatisha ni nani.

Baadhi ya wanachama wamesema katika vikao kwamba fedha za sanduku ni jasho la watu, na huruma ifanywe kwa fedha za mfukoni mwa mtu mwenyewe. Wanayo haki kusema hivyo. Mwanachama anayeuza perege juani wiki nzima ili anunue hisa mbili hawezi kulazimishwa kuzihatarisha. Tena nawashukuru kwa kusema waziwazi, maana wengine wananung'unika njiani.

Pendekezo langu ni hili. Mwanamke ambaye amekosa wadhamini kwa sababu ya kutengwa, wala si kwa sababu ya tabia ya kukopa na kukimbia, adhaminiwe na kikundi chenyewe kupitia mfuko wa jamii. Mwaka wa kwanza aweke hisa kama sisi, akae kwenye benchi kama sisi, apewe kadi yenye jina lake. Mkopo wake wa kwanza uwe mdogo na usizidi kile kilichomo katika mfuko wa jamii, ili sanduku kubwa lisiguswe. Akirejesha vizuri, mwaka wa pili awe mwanachama wa kawaida, na yeye aweze kumdhamini mwingine. Tusipokee zaidi ya wawili kwa mwaka mpaka tuone inavyokwenda.

Ninajua kikundi chetu kina Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na dada zetu Waislamu. Atiman alikuwa Mkatoliki, lakini sijamleta hapa ili kuvutia watu upande. Dini zetu zote zinatufundisha kwamba Mungu ni mwenye rehema na kwamba anamtazama aliyedharauliwa. Sisi Wakristo tunasema zaidi ya hapo, kwamba Kristo mwenyewe alikataliwa, akafia nje ya mji kati ya wahalifu. Ukisema unampenda yeye huku unakataa kukaa benchi moja na aliyetengwa, kuna mahali hesabu yako haijafunga.

Na tusidhani kwamba tunamfanyia mtu hisani tu. Watu wa Karema walipata daktari kwa miaka 67 kwa sababu mtu mmoja kule Aljeria alimdhamini mtoto asiye na mdhamini. Hatujui Mungu ameweka nini ndani ya yule mama anayeteka maji peke yake. Huenda ndiye mtunza hazina wetu wa mwaka wa 20. Huenda asiwe chochote cha kuandikwa kitabuni, awe tu mama aliyepata mtaji wa kuuza dagaa na watu wa kumsalimia asubuhi. Hiyo nayo inatosha.

Basi tukikutana kwenye mkutano mkuu kila mmoja aje na mawazo yake, tuyazungumze kwa upendo, tupige kura. Nitakubali uamuzi wa wengi. Naomba tu kabla hujanyoosha mkono umkumbuke mtoto wa Tundurma siku aliposimama sokoni akingoja kuona ni nani atatoa fedha.

Nawatakia maadhimisho mema ya miaka kumi. Mungu akibariki kikundi chetu, azibariki nyumba zetu, na atupe mvua ya kutosha msimu huu.



Mwenyekiti wa Kikundi,
Mtera.